Gari Lisilokula Oili

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ana duka la dawa za mikorosho sokoni Nachingwea, na ana gari. Kigari kidogo, kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya unga wa muhogo uliokaa sana. Duka lenyewe haliko mbali. Zamani, magoti yangu yakiwa bado magoti, nilikuwa nabandika chai, naenda sokoni kufuata chumvi, narudi chai bado inafikiria kuchemka. Yeye anaenda kwa gari. Asubuhi dukani kwa gari. Adhuhuri msikitini kwa gari, na msikiti uko palepale, ukipiga chafya dukani imamu anakuombea dua. Kula nyumbani kwa gari, kurudi kwa gari. Injini haijapata joto hata la kuangua yai, anazima. Nilimwambia binti yangu, gari la mumeo maisha yake ni ya mtoto mchanga, likifumbua macho linalazwa tena.

Kila Ijumaa kabla ya swala, kanzu mwilini, anafungua boneti. Anachomoa kile kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena, anakiinua juani. Halafu anakohoa. Yeye hasemi bila kukohoa kwanza. Anasema, "Kimsingi, gari hili halili oili." Kila kitu kwake kinaanza na kimsingi. Hata kuomba maji ya kunywa, kimsingi. Majirani wanasogea, wanaangalia kijiti, wanatikisa vichwa, maana magari yao wanayatilia oili kama mtu anayemwagilia mchicha. La kwake, tangu fundi amwage ile ya zamani akatia mpya, alama iko palepale. Kuna Ijumaa aliapa kuwa imepanda kidogo. Akaona ni baraka.

Mimi niko nyuma ya mlango, namfuatishia binti yangu kikohozi cha mumewe, na kimsingi yake, na jinsi anavyobana shingo akiangalia kijiti. Binti yangu anacheka huku ananipiga na upande wa kanga, ananiambia mama, utatuvunjia nyumba. Mimi shule sikwenda, lakini sauti za watu nazichukua. Nikikusikia mara moja nimekubeba. Mtu mmoja tu sijawahi kumfuatishia mbele ya uso wake, na huyo ni mkwe wangu, kwa sababu mbele ya uso wake mimi huwa sipo.

Ndivyo tulivyokuta kwa wazee wetu. Mkwe na mama mkwe hawaongei ana kwa ana. Siyo ugomvi, ni heshima. Siku hizi naona vijana wanakaa na mama wakwe zao wanaangalia tamthilia, bakuli la karanga moja, mikono inagongana humo humo. Sisi wawili tumebaki na ya zamani. Akiwa na neno na mimi anamwambia mkewe kwa sauti, mke wangu, mwambie mama kesho kuna maji ya bomba, na mimi nimekaa hapo hapo upande wa pili wa ukuta. Nami namjibu binti, mwambie mwenzio nimesikia. Nikipanda gari lake nakaa nyuma, na kile kioo kidogo cha katikati anakigeuza kinaangalia paa, macho yetu yasikutane. Amenilisha miaka yote hii bila kunitazama. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu ya yanayokuja.

Nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye shamba la mzee mmoja wa hapa, kulikuwa na jirani yetu wa ng'ombe. Sisi huku kila mfugaji aliyetoka juu huko tunamwita Msukuma, hata kama kwao ni kwingine. Huyu wetu alikuwa Msukuma kweli. Kijana mrefu, mpole, anasalimia akiwa mbali bado, na maneno yake yana mkia. Bibi, huwa unaumwaga na nini. Bibi, ng'ombe huwa hawapendagi kelele. Nilimfuatishia mbele yake, akacheka mpaka akakaa chini, akamwita mkewe aje asikie. Mkewe akaniita mama tangu siku hiyo. Mzee mwenye shamba aliwapa pale pa kujenga na kulima kidogo, wao wakawa wanamletea samadi. Watu wa mtaa waliwaangalia kwa upande wa jicho. Huku kwetu ng'ombe tuliwajua kwenye sherehe, wakiwa kwenye sufuria.

Mwaka huo, wakati watu wanapanda ufuta, yule mke alikwenda kwa ndugu zao Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, kusalimia. Alikuwa na mimba. Huko huko mimba ikamgeuka, akaanza kutoka damu. Mumewe alipigiwa simu asubuhi, basi limeshaondoka. Akaja kwetu mbio. Hakuomba gari. Alisimama uani akauliza kama kuna mtu anamjua mtu mwenye gari, huku gari linamtazama usoni.

Nikapaza sauti, mwanangu, mwambie mwenzio mtoto wa watu anakufa. Mkwe wangu akakohoa. Akamwambia mkewe amuulize kijana kama anajua kuendesha. Kijana akasema kwao aliendesha lori la pamba, na akatoa leseni imekunjwa kama hirizi. Mkwe wangu akampa ufunguo. Mwenyewe hakwenda kwa sababu dukani kulikuwa na mzigo unashushwa, lakini alimpa ufunguo, na sijui wangapi mtaani pale wangempa.

Kijana akaenda, akamchukua mkewe, akampeleka hospitali ya Ruangwa, wakamlaza, wakamzuia damu. Walipomruhusu akamrudisha Nachingwea na mimba yake tumboni. Akaliosha gari mpaka rangi yake ya kuzaliwa ikachungulia. Akarudisha ufunguo kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, kama wanavyofanya wao. Akasema, "Baba, nashukuru. Ila uangalie oili. Kwenye kupandisha linatoaga moshi nyuma."

Ijumaa ikafika. Kanzu, boneti, kitambaa. Kijiti kikatoka kikavu. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa. Kwenye ncha kuna alama ya oili nyembamba, kama wanja wa bibi harusi maskini. Majirani wako hapo, wamezoea kuja kuona baraka. Mkwe wangu hakukohoa. Hapo nilijua kuna jambo.

Akaingia chini ya gari na kanzu yake, akatoka, hakuna tone. Hakuna palipovuja. Akasimama akafikiri, na wale majirani wakamsaidia kufikiri, ndipo lilipoharibika. Mmoja akasema, kule machimboni Namungo wenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu wananunua oili yoyote, hata ya kuokota. Mwingine akasema, na ndio maana aliliosha. Mwingine akasema, na ndio maana alisema angalia oili, mwizi hodari ndiye anapiga yowe la kwanza. Mkwe wangu akawa anasikiliza. Mwisho akasema kimsingi, mimi gari hili sijawahi kuliongeza oili tangu lilipofanyiwa huduma, limetoka mkononi mwangu limejaa, limerudi tupu. Akaishia hapo. Hakusema mwizi. Lakini alisema hivyo hivyo kesho yake dukani, na kesho kutwa, kwa kila aliyekuja kununua dawa, na watu wanaijua hesabu hiyo.

Kijana akaja mwenyewe kusema hajaigusa oili. Mkwe wangu alimjibu kwa upole kabisa, akamwambia yamekwisha, usijali, nimeshatia nyingine. Huo upole ndio uliomchoma. Angetukanwa angejibu. Alisimama pale uani na fimbo yake, akasema, "Baba, mimi siibagi." Mkwe wangu akasema ndiyo, ndiyo, nimesikia. Akapanda gari akaenda msikitini.

Baada ya hapo kila kilichopotea Nachingwea kilikuwa na miguu ya kwenda kwa Msukuma. Jembe lililosahaulika shambani. Kuku aliyekwenda kutaga kichakani. Mzee mwenye shamba, mtu wa watu, anayependa kusifiwa, hakuweza kuyabeba. Akamwita kijana akamwambia, ufuta ukishakatwa, mtafute pengine. Hakusema kwa nini. Kijana hakuuliza.

Mimi nilinyamaza. Ningesema nini? Nilikuwa nakunywa maziwa ya mke wake, ningeambiwa bibi anatetea kikombe. Nilimwambia binti yangu, yule mtoto hawezi kuiba oili na mkewe anatoka damu kiti cha nyuma, atapata wapi mkono wa kufungulia nati. Binti yangu akahema. Ana namna yake ya kuhema, pumzi inatoka ndefu halafu inakatika katikati kama mtu aliyekumbuka kitu kwenye moto. Akasema, mama, na mimi nimesema hivyo hivyo, anasema kijiti hakisemi uongo. Basi. Nimeishi na watu wengi wanaosema kitu fulani hakisemi uongo. Nilichoka kabla hata ya kubishana.

Mvua zikapiga, zikaacha. Gari likarudi kwenye maisha yake ya dukani na msikitini, na oili mpya ikakaa kwenye alama yake, haishuki. Kila Ijumaa ikawa ni ushahidi mwingine. Mkwe wangu anawaambia, mnaona, haishuki. Kumbe tatizo lilikuwa nini? Majirani wanaitikia kama wako kwenye dua.

Ufuta ulipoanza kukatwa, shemeji yangu aliyefariki, mume wa marehemu dada yangu, akawa ametimiza siku zake arobaini, na kisomo kikawa kwao, Mbwemkuru. Binti yangu alitangulia na basi kwenda kusaidia kupika. Magoti yangu basi hayawezi tena. Ikabidi mkwe wangu anipeleke. Mimi na yeye, gari zima, hakuna wa kumwambia, mwambie mwenzio.

Asubuhi hiyo alipima oili. Nilimwona kwa dirishani. Ilikuwa imejaa, na alikitazama kijiti kwa muda, nadhani kwa kuridhika. Akageuza kioo kikaangalia paa. Mimi nikajifunika kanga, nikaingia nyuma yake. Tukaondoka.

Hujawahi kuona ukimya kama ule. Tulipita vijiji, tulipita watu wanasimamisha ufuta kwenye vichanja, tulipita mbuzi amelala barabarani, na mkwe wangu alimpigia honi yule mbuzi nikafurahi kusikia mtu anaongea. Gari nalo likachangamka. Sijawahi kulisikia likikimbia hivyo, lilikuwa linaunguruma kama mtu aliyekula akashiba. Joto lake likaanza kunifika miguuni.

Tulipoanza kupandisha, nikageuka nyuma kuangalia vumbi, nikaona si vumbi peke yake. Ndani ya vumbi kuna moshi, wa bluu bluu, na harufu ya mafuta ya maandazi yaliyoungua. Nikamtazama kisogoni. Haoni. Kioo kinaangalia paa, kwa sababu yangu. Cha pembeni kwake alikigonga kwenye geti zamani, kimefungwa kwa kamba, kinaangalia chini kama mwari.

Sasa nifanyeje? Kumwita siwezi. Kumgusa bega ndio kabisa, afadhali tuungue. Nikakaa nao ule moshi, nikajaribu kukohoa kikohozi chake, labda atageuka. Hakugeuka, aliona ni vumbi. Ndipo nikaliambia gari.

"Wewe gari," nikasema, "umeanza lini kuvuta sigara, na wewe ni mtu wa msikitini?"

Nikaona masikio ya mkwe wangu yanasogea. Baadaye akakohoa, akaliambia gari, mwambie mama hilo ni vumbi. Nikaliambia gari, vumbi la Ruangwa nimelijua kabla hujaundwa, halina rangi ya bluu wala halinuki kikaango. Gari likaendelea. Akafungua kioo cha dirisha, akatoa kichwa, akaangalia nyuma. Akarudisha kichwa.

Tukashuka mlima, tukapanda mwingine. Karibu na kuingia Ruangwa mjini kikawaka kitaa chekundu mbele yake. Kinawaka, kinazima, kinawaka. Akaweka gari pembeni, akazima, akasubiri injini ipoe kidogo. Akafungua boneti. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa.

Kikavu. Ule ule wanja wa bibi harusi maskini.

Mimi nilishashuka, nimekaa kwenye jiwe, nimempa mgongo nusu kama inavyotakiwa. Nilimwona akiinama chini ya gari. Hakuna tone. Akasimama, akakiangalia kile kijiti, akaangalia barabara tuliyotoka, akaangalia juu. Popote aliangalia isipokuwa kwangu. Alipima mwenyewe asubuhi. Hatukusimama mahali. Ndani ya gari tulikuwa wawili.

Nilikuwa na maneno mengi, nakwambia. Nilikuwa nayo tangu mvua za kupandia. Lakini nilimwona mikono yake, ile ya kushikia kitambaa, haijui iende wapi, na nguvu ya kuyasema yote ikaniishia. Nikasema moja tu, na nililiambia gari.

"Gari, humu tulikuwa mimi na mkwe wangu. Mwizi ni yupi?"

Akafunga boneti polepole, bila kuibamiza.

Bodaboda mmoja akamwendea fundi, fundi akaja na galoni ya oili na mdomo wake. Kijana wa mjini, amevaa jezi, anaongea kama redio. Mkwe wangu akaeleza, kimsingi hili, kimsingi lile, halijawahi kula oili. Fundi akafungua kifuniko cha pale oili inapotiliwa, akakigeuza tukaona chini yake pameganda kitu cheupe, kama mtindi uliokauka kwenye kibuyu. Akauliza gari linaendaga wapi kila siku. Samahani, hiyo ga ni ya yule mwingine. Fundi aliuliza, mzee wangu, hii ndinga ruti zake zipi? Akaambiwa dukani, msikitini, nyumbani. Fundi akacheka, akasema basi mzee ndo hapo ulipopigwa.

Alivyoeleza ni hivi. Injini imechoka kidogo ndani, oili inapita kidogo kidogo inaungua, siku zote, hata hizo Ijumaa. Ila kwa kuwa safari ni za kuwasha na kuzima, injini haipati moto wa kweli, basi petroli isiyoungua vizuri inateremkia kwenye oili, na maji maji ya unyevu wa ndani ya injini nayo yanateremka. Oili inapungua, petroli na maji vinajaza nafasi yake. Ukichomoa kijiti unakuta kimejaa. Kijiti kinapima kimo, hakionji. Siku ukilipeleka mbali likachemka sawasawa, petroli na maji vinakuwa mvuke vinaondoka, ndo unakutana na oili yako ya ukweli, imebaki kiduchu. "Hajaiba mtu, mzee," akasema, naye hakuwa ameambiwa habari yoyote ya wizi, ni maneno ya mdomo tu. "Ilishaisha kitambo, wewe ulikuwa unasoma maji."

Mwanamke yeyote aliyepikia wageni wengi hahitaji kuambiwa mara mbili. Wakiongezeka unaongeza maji, chungu kinaonekana kimejaa, unasifiwa. Anakuja mtu wa mwisho, anachemsha masalia, anakuta vipande viwili vya nyama chini. Yeye ndiye anaulizwa nyama iko wapi.

Fundi akatia oili, akamwambia awe anapima katikati ya safari, na nyumbani asiridhike na kijiti, alipeleke gari barabara ndefu mara kwa mara likaote moto. Na hizo safari za pua na mdomo, mzee, tembea kwa mguu, afya. Mkwe wangu akasema ahsante sana. Mimi nikapanda nyuma. Kioo bado kinaangalia paa.

Kwenye kisomo wanaume walimuuliza safari ilikuwaje. Nilikuwa na wanawake upande wa jikoni, nikamsikia akisema salama, alhamdulillahi. Salama. Watani wetu walikuwepo pale, wale wa kuigiza marehemu na kudai fidia, midomo yao haina breki, na mtani hakasirikiwi. Ningempa mmoja wao neno moja tu, angechukua mwiko, angeufuta kwa kanga, angeuinua juani, na Mbwemkuru yote ingejua kabla ya pilau kuiva. Niliyeyusha maneno hayo mdomoni kama tende. Halafu nikamwona mkwe wangu amekaa mwisho wa mkeka, sahani yake ameisogeza pembeni, hajagusa. Nikayameza. Binti yangu akaniuliza mbona leo mama humwigizi mtu, unaumwa? Nikamwambia nimechoka tu. Haikuwa uongo.

Binti yangu alibaki kwa wafiwa. Kesho yake tukarudi wawili tena. Katikati ya njia alisimama akapima, akaongeza kidogo, tukaendelea. Ufuta ule uliokuwa umesimamishwa jana, mahali pengine walishaanza kuukung'uta kwenye maturubai. Nikaona Nachingwea inakaribia na yeye hajasema kitu. Akifika nyumbani atakohoa, ataoga, atakwenda dukani kwa gari, na maneno yatalala.

Nikasema, "Gari, ufuta umeshakatwa."

Hilo tu. Barabara ikapita kidogo. Akakohoa, nikangoja kimsingi, haikuja. Tulipofika kwetu hakukata kona. Alipita nyumba yake, akapita nyumba za mwisho, akaenda mpaka kwenye boma la yule kijana, gari linaruka kwenye mashimo.

Kijana alikuwa anabomoa. Boma lao ni la miiba, matawi yamepangwa yanazunguka, na alishatoa upande mzima, ameyalundika. Mkewe yuko kivulini anafunga vyombo kwenye gunia, mtoto mgongoni. Yule mtoto wa ile mimba. Kijana alipoliona gari aliacha kazi, akasimama na fimbo yake.

Mkwe wangu akashuka. Mimi nikabaki ndani, dirisha wazi, kanga usoni, masikio nje. Akasimama mbele ya kijana, mikono nyuma kama mtoto wa madrasa. Akaanza na kimsingi, ikamkatikia, akaanza upya. Akaeleza mlima, akaeleza moshi, kitaa chekundu, fundi, petroli, maji. Alieleza yote, hakuruka hata lile la kwamba tulikuwa wawili. Akasema nilikukosea, nisamehe, hukugusa kitu.

Kijana akamsikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atafurahi. Hata mkewe aliacha kufunga gunia.

Akasema, "Hayo unaniambia mimi, baba? Mimi nayajuaga. Kawaambie wale uliowaambia yale ya kwanza."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Akarudi kwenye miiba yake.

Kwa hiyo mkwe wangu akawa na kazi. Na kazi ile niliiona, wala sikuicheka, hata binti yangu aliporudi akanikonyeza nimfuatishie. Alisimama mbele ya nyumba Ijumaa, boneti wazi, akawaambia wale wale majirani kuwa kijiti alikisoma vibaya na kijana hakuiba. Mmoja akasema, aa, unamhurumia tu, una roho nzuri. Mwingine akasema basi kumbe gari lako nalo linakula, na hilo ndilo walilolishika, wakacheka nalo hadi msikitini. Kila mteja wa dawa akaambiwa. Wengine wakasema sawa, nipe dawa yangu. Neno la kwanza lilikwenda lenyewe, halikuhitaji kusukumwa. Hili la pili alikuwa analibeba mgongoni kama gunia la salfa la dukani kwake, nyumba hadi nyumba, na wenye nyumba wanamkaribisha chai.

Kwa mwenye shamba alikwenda kwa mguu. Mara ya kwanza mzee akamwambia shamba ameshamwahidi mtu mwingine. Mara ya pili akamwambia atafikiri. Baada ya hapo sikujua tena alikwenda mara ngapi, nilikuwa namsikia tu akimwambia mkewe, mke wangu, mwambie mama nimetoka kwa mzee. Nami namjibu, mwambie nimesikia. Mwishowe mzee akakubali wakae msimu mmoja. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka mbele ya watu, na hiyo sauti ninayo, lakini leo sina hamu nayo.

Wakafungua magunia. Nikaenda kuwaona, taratibu, napumzika kila penye kivuli. Ng'ombe wapo, mtoto yupo, chungu kiko motoni. Lakini miiba aliyoitoa kijana hakuirudisha. Upande ule wa boma uko wazi, na yale matawi bado yamelundikwa pale alipoyaacha siku ile. Nikamuuliza mkewe, mwanangu, hapa mtapaziba lini, ndama watawatoka.

Akaangalia alipo mumewe, akaniambia pole pole, "Tunaangaliaga kwanza, mama."

Ndama mmoja akawa ameshatoka, anakula majani pembeni ya lundo. Nikamswaga akarudi ndani. Akatoka tena.